Lipofilingi, sindano za mafuta usoni: maswali yenye watu wa Bukavu wananiulizaka kila siku

Jambo kwenu wote. Mi ni infirmiye (muuguzi), nimefanya kazi ya bloku, chumba cha operasyo, miaka mingi, na mwaka juzi nilimusindikiza yaya wangu, dada yangu mukubwa, kwenda kufanya lipofilingi ya mashavu nje ya nchi. Nilimuchunga siku kumi mule chumba tulikodi, nikarudi naye, nikamuchunga tena hapa nyumbani mpaka uso ukatulia. Tangu watu wamuone kanisani telefone yangu hailale, dada za kwaya, mama wa jirani, hata wababa wawili wenye waliniomba nisiseme, na wote maswali ni yale yale, njo nimeamua kuyajibu fasi moja. Mbele ya yote shika hili moja: mafuta wanakudunga si hewa ya kujaza mpira. Ni nyama hai yenye inahamishwa, sawa na kutoa miche ya kabichi kwenye kitalu na kuipanda shamba ingine, kuko yenye itashika na kuko yenye itakauka, na mukulima hahesabu kabichi siku ya kupanda.

Lipofilingi ni kitu gani kabisa?

Wanatoa mafuta kidogo kwenye mwili wako mwenyewe, mara nyingi ku tumbo, kiuno ao mapaja, wanayasafisha, kisha wanayarudisha na sindano fasi yenye uso umeingia ndani: mashavu, chini ya macho, kwenye panja, ile mistari inatoka ku pua inashuka ku mudomo, kidevu. Si kitu cha jana. Mwaka 1893 dokta moja wa Ujerumani, Gustav Neuber, alishaeleza namna alitoa mafuta ku mukono akajaza kovu yenye ilikuwa imeingia chini ya jicho. Ilibaki kazi ngumu ju mafuta mengi yalikuwa yanakufa, mpaka kwenye miaka ya 1970 na 1980 Yves-Gérard Illouz wa Ufaransa akafundisha kunyonya mafuta na mrija butu, na kisha Sydney Coleman wa New York akaonyesha namna ya kuyaweka kidogo kidogo bila kuyaponda. Madokta wengi mpaka leo wanafuata njia yenye inafanana na ile ya Coleman.

Naweza kupewa mafuta ya dada yangu? Yeye iko nayo mengi.

Hapana. Mwili wako utayakataa na kuyaharibu. Ni yako tu. Na usiwaze kama watakupunguza tumbo kwa njia hiyo, uso unaomba kidogo sana: yaya walimuwekea mililita 7 kila shavu, na kijiko cha chai ni mililita 5, fanya hesabu.

Siku yenyewe inapita namna gani?

Asubuhi hujakula kitu. Dokta anakupiga foto, anakuchora na kalamu ukiwa umesimama, ju ukilala mashavu yanahama na kila kitu kinadanganya. Kisha anestezi: kama ni fasi kidogo wanaweza kuganzisha pale tu na kukupa dawa ya kusinzia, kama ni kazi kubwa wanakulaza kabisa. Fasi ya kutoa mafuta wanaingiza kwanza maji ya chumvi yenye yamechanganywa na lidokaini na adrenalini, ile inakata maumivu na kubana mishipa midogo ili damu isitoke mingi, wanangoja kidogo, kisha wanatoboa tundu ya milimita 2 ao 3 na dokta anavuta na mukono polepole, ju akivuta kwa nguvu anaponda chembe na chembe zenye zimepondwa hazishike.

Kwa vile mi ni mutu wa bloku dokta aliniachia niingie na kofia na maski, na hapa njo nilishangaa. Waliweka zile sirinji kwenye santrifuje, mashini ya kuzungusha, ikazunguka dakika 3, wakazitoa, wakazisimamisha. Ndani kulikuwa vitu vitatu na kila kimoja na ngazi yake: juu kabisa mafuta ya majimaji kama ya kupikia, katikati kitu cha manjano chenye kushikamana kama siagi imeanza kulainika, chini maji mekundu. Ya juu wanamwaga, ya chini wanamwaga, wanabakisha ya katikati tu. Kwa hiyo ukiona sirinji kubwa imejaa usifikiri yote inaenda usoni. Kisha wakaigawanya kwenye sirinji za mililita 1, dokta akaingiza mrija mwembamba wenye ncha butu kupitia katundu kadogo pembeni ya shavu, anaupeleka mbele, na anaacha tone wakati wa kurudi nyuma. Tone, tone, tone, kila moja kwenye njia yake. Nilijaribu kuhesabu nikachoka. Yote ilichukua karibu saa mbili.

Inauma?

Uso hauumi sana, unabana tu na unakuwa muzito. Kwenye kuuma ni kule mafuta yalitoka. Yaya walimutoa ku mapaja, na munajua ngazi za Bukavu, kutoka barabara mpaka kwetu ni ngazi 64, siku tumerudi alizipanda akipumzika mara tatu na jasho linamutoka. Kama unakaa mulimani uliza dokta kama anaweza kuchukua ku tumbo, ao panga kulala kwa ndugu mwenye anakaa chini wiki ya kwanza. Na kupanda moto (pikipiki) kwenye ile barabara ya mashimo, acha siku kumi za kwanza, kila shimo utalisikia ndani ya paja. Kwa maumivu tulitumia parasetamoli. Aspirini na ibuprofeni usimeze bila dokta kuruhusu, ju zinazidisha damu ya chini ya ngozi.

Utavaa pia gaini, ile nguo ya kubana, kule walitoa mafuta, mara nyingi wiki kadhaa, dokta njo atakwambia ngapi. Nunua mbili. Moja iko kwa mwili, ingine iko kwa kamba, na musimu wa mvua hapa nguo haikauke haraka.

Siku za kwanza uso utakuwa namna gani?

Mubaya. Nasema wazi ju hakuna mwenye alitwambia, na yaya alilia. Siku ya kwanza aliamka bloku akiwa amevimba kidogo akafurahi, akasema mashavu yametoka muzuri. Siku ya pili uvimbe ukapanda. Siku ya tatu jicho la kushoto lilikuwa mustari tu, shavu linang'aa kama embe, na ule weusi wa damu umeshuka mpaka shingoni, akaniomba nifunike kioo cha bafu na kitenge, nikakifunika. Kwenye ngozi yetu damu ya chini haionekani nyekundu, inaonekana doa jeusi, kisha kama kijani, kisha manjano, usifikiri ngozi imeoza. Siku ya tano ikaanza kushuka. Kisha wiki moja na nusu aliweza kwenda soko akiwa amejifunga kitambaa, kisha wiki mbili weusi ulikuwa umeisha karibu wote. Lakini uvimbe wa ndani, ule wenye wewe mwenyewe unausikia kwa kidole, ulikaa zaidi ya mwezi.

Unalala chali, kichwa juu, mito miwili ao mitatu, na kama unajijua unageuka usiku, weka mito pande zote mbili. Usikandamize mashavu, usifanye masaji, mama asikuletee maji moto na kitambaa ya kukanda kama vile tunafanyaka kwa mutu ameanguka. Ile miche imetoka kupandwa, ukiisukuma unaing'oa. Chumvi punguza, sambaza kavu (zile samaki ndogo za ziwa) na samaki ya chumvi ziache kwanza, zinazidisha uvimbe.

Kisha miezi miwili mashavu yamepungua. Walinidanganya?

Hapana, na hili swali njo linaniletea watu wengi wenye hasira. Siku ya kudunga, yale mafuta yamekatwa ku mishipa yao ya damu. Siku za kwanza yanaishi kwa kunyonya tu kile kinapita kutoka kwa nyama ya pembeni, kisha mishipa mipya inaanza kuyaingia polepole. Yenye yamekaa karibu na damu yanashika, yenye yamekaa katikati ya bonge yanakufa na njaa, njo maana dokta anaweka tone tone wala si bonge moja. Yenye yamekufa mwili unayakula. Kwa uso wanasema yenye inabaki ni kama 30 mpaka 70 kwa mia, na hakuna dokta mwenye anaweza kukuapia kama wewe utakuwa ku 30 ao ku 70. Mwenye anakuapia, ogopa.

Kwa hiyo uso wa wiki ya pili si wako, una uvimbe. Uso wa mwezi wa pili bado unashuka. Uso wako wa kweli unauona kati ya mwezi wa 3 na wa 6. Usipige foto ya kuonyesha watu mbele ya hapo, na usiende kugombana na dokta mbele ya hapo, na usikubali mutu akuongezee mbele ya hapo.

Inadumu muda gani?

Yenye imeshika mpaka mwezi wa 6 inabaki miaka na miaka, ni sehemu ya uso sasa. Lakini inakumbuka kwenye ilitoka: ukinenepa inanenepa, ukikonda inakonda. Dada moja alifanya, kisha akapata ugonjwa akapoteza kilo 12, mashavu yakaenda pamoja na kilo. Na ukiwa katikati ya rejime ya kupunguza kilo, ngoja uzito utulie kwanza. Uzee pia hausimami, ngozi na mifupa vinaendelea njia yao.

Inatofautiana nini na zile sindano zingine, za asidi hialuroniki?

Ile ni jeli ya farmasi. Inadungwa ndani ya nusu saa, huna fasi ingine ya kuuma, inaisha yenyewe kisha miezi 6 mpaka mwaka na nusu hivi, na kama imewekwa mubaya kuko dawa ya kuiyeyusha, hialuronidazi. Mafuta hayana dawa rahisi ya kuyarudisha nyuma kama ile. Kwa hiyo mutu mwenye anataka kitu kidogo, ao mwenye hajui kama atapenda, mi naonaka heri aanze na jeli kwa dokta wa kweli. Mafuta ni ya mutu mwenye amefikiri na mwenye anahitaji kujaza fasi kubwa. Botoksi ni kitu kingine kabisa, yenyewe inalegeza misuli, haijazi.

Si heri ninywe tu vile vidonge vya kunenepesha mashavu? Vinauzwa soko la Kadutu bei rahisi.

Dada yangu, ndugu yangu, hapa niachie niseme murefu. Mule kwenye vile vidonge, vingi ni deksametazoni ao siproheptadini, saa zingine zote mbili pamoja, na wanakuuzia ndani ya kasashe bila jina. Siproheptadini ni dawa ya aleji, inaleta njaa na usingizi. Deksametazoni ni kotikoidi, dawa nguvu sana, bloku tunaitumia na tunaiheshimu. Ile mashavu ya duara inakupa si mafuta muzuri, ni alama ya kama dawa imekuzidi, madokta wanaiita uso wa mwezi. Wakati uso unajaa, sukari inapanda, presha inapanda, mifupa inapoteza nguvu, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, mikono na miguu inakonda, na kidonda kidogo kinakataa kupona. Mubaya kuliko yote, tezi zako zinaacha kutengeneza kotikoidi ya mwili, kwa hiyo mutu mwenye amekunywa miezi na anaacha siku moja anaweza kuanguka, presha chini, kutapika, hata kufa. Nimemupokea binti wa miaka 22 namna hiyo. Kama umekuwa unavinywa, usiache gafula na usione haya, enda kwa dokta umwambie ni vidonge gani, ni muda gani, atakuondoa polepole. Na umwambie pia dokta wa lipofilingi, ju atakataa kukupasua mbele hali haijatulia, na atakuwa na haki.

Kuko mutu wa saloni anadungaka mashavu nyumbani, bei ndogo, anasema ni mafuta. Nijaribu?

Hapana. Muulize: mafuta ya nani, yametoka wapi, nani aliyatoa? Kama hajakutoboa tumbo ao paja, si mafuta yako, basi inaweza kuwa silikoni ya majimaji, ao parafini, ao vazelini, ao mafuta ya kupikia. Dunia ilishajifunza hili somo zamani: mwaka 1899 Robert Gersuny wa Vienna alianza kudunga parafini na vazelini chini ya ngozi, watu wakafurahi, wakafuata wengi, kisha miaka ikapita mabonge yakaota, yakahama, yakatoboka kuwa vidonda. Ile kitu haitoki tena, inajishona na nyama, mupaka wakate uso. Na sirinji ya nyumbani yenye imepita kwa mutu mwingine inaleta hepatiti B na virusi vya ukimwi. Bei ndogo inaishia kwa meza ya operasyo.

Hatari ni gani kwa kweli, hata kwa dokta muzuri?

Zenye zinatokeaka na si kubwa: upande moja kushika kuliko mwingine, kubaki kidogo kuliko ulitaka, kabonge kagumu, kifuko kadogo ka mafuta ya majimaji pale mafuta yalikufa, ganzi ya muda kule walitoa mafuta, doa jeusi ku tundu. Vingi vinatulia ao vinarekebishwa.

Yenye ni adimu lakini lazima uijue mbele ya kusaini: mafuta kuingia ndani ya mushipa wa damu. Mishipa ya uso imeungana na ya jicho, na kama mutu anasukuma kwa nguvu, tone linaweza kurudi nyuma mpaka ku jicho na kulifunga, ao kufika ku ubongo. Jicho likifungwa namna hiyo mara nyingi halione tena. Fasi ya kuogopa sana ni kati ya nyusi, pua na paji la uso. Njo maana wanatumia mrija butu na si sindano kali, sirinji ndogo, mukono mwepesi, na kuacha tone wakati wa kurudi, ile inapunguza hatari, haiiondoe. Kama unadungwa na unasikia jicho linauma gafula, kuona kunazima, ao upande moja wa mwili unakufa, sema palepale, usivumilie, ni dakika njo zinahesabiwa.

Nimepata homa kisha wiki moja. Ni malaria, si hivyo?

Inaweza kuwa malaria, tuko Kivu. Lakini usinunue dawa ya malaria na kulala. Pima malaria, na siku ile ile onyesha vidonda. Shavu lenye linazidi kuvimba wakati lile lingine linashuka, ngozi moto, maumivu yanapanda, usaha ku tundu, ni mikrobi. Kuko hata mikrobi ya jamaa ya kifua kikuu, yenye inakaaka kwenye maji, inaingia kwa vyombo vyenye vimesafishwa mubaya na inaonekana kisha wiki ao miezi, na vidonge vya kawaida haviiwezi. Kwa hiyo dokta akikupa antibiotiki na bonge haliondoke, omba wapeleke usaha labo. Maji ya bomba yetu yanakatikaka na watu wanajaza bidoni ku ziwa ao ku mito, kwa wiki ya kwanza nawa uso na maji yenye yamechemka na kupoa, basi.

Kuko alama zingine za kukimbia hospitali bila kungoja: kupumua kwa shida, kifua kuuma, ao muguu moja kuvimba na kuuma nyuma, chini ya goti. Damu inaweza kuganda.

Nani asifanye, ao angoje?

Mwenye ana mimba ao ananyonyesha, angoje. Mwenye sukari ao presha haijatulia, angoje. Mwenye ni SS, yaani ana ugonjwa wa selimundu (drepanositozi), lazima amwambie dokta mbele ya yote, ju anestezi, baridi na kukosa maji vinaweza kuleta krizi, na kama hujui kama uko SS ao AS (mwenye anabeba tu ule ugonjwa), pima, ni kipimo cha labo tu. Mwenye anavuta sigara aache wiki 4 mbele na wiki 4 nyuma, nikotini inabana mishipa na mafuta yanakufa. Mwenye anakunywa dawa ya kulainisha damu amwambie dokta, asiikate yeye mwenyewe.

Mwenye ngozi yake inaota makovu makubwa, keloidi, aonyeshe makovu yake ya zamani, sikio, chanjo, kifua. Matundu ni madogo na mara nyingi yanapona muzuri, lakini dokta lazima ajue ili achague fasi ya kutoboa. Na mwenye anajichubua: hidrokinoni na kotikoidi za pomadi zinafanya ngozi nyembamba, inapona mubaya na inabaki na madoa. Acha miezi kadhaa kwanza. Na hapana, lipofilingi haileti weupe, mwenye alikwambia hivyo alikuwa anauza.

Nakunywa ARV, dawa za virusi vya ukimwi, miaka mingi, mashavu yangu yameingia ndani na watu wanasema. Inaweza kunisaidia?

Hili swali linakujaka usiku, kwa ujumbe, na mara nyingi mutu anaufuta kisha kutuma. Kwa hiyo najibu hapa ili usilazimike kuuliza. Ndiyo, na kwa mi wewe njo mutu mwenye ile kazi ina maana kwake kuliko wengi. Ile kuingia kwa mashavu ilitoka sana sana na dawa ya zamani, stavudini, ile ya d4T, yenye ilikuwa inakula mafuta ya uso, mikono na miguu. Mwaka 2009 OMS, shirika la afya la dunia, iliomba nchi ziiache polepole, na dawa za leo haziko vile. Lakini mafuta yenye yaliliwa hayarudi yote yenyewe, na mutu anabaki anabeba uso wenye unamusemea siri yake sokoni.

Shida ni kama kwa mutu wa hivyo mafuta ya kutoa yanakuwaka kidogo, dokta lazima atafute, ku tumbo mara nyingi. Kama una bonge la mafuta nyuma ya shingo, usiseme achukue pale, kuko watu walichukuliwa pale na mashavu yakaja kunenepa kupita. Kama mafuta hayatoshe, kuko sindano zingine za kujaza zenye ziliruhusiwa kwa ajili ya ile shida. Dawa zako usiache hata siku moja ju ya operasyo, damu iwe imetulia, virusi vimeshuka, na dokta wa upasuaji ajue. Dokta mwenye anakukatalia ju ya ARV tu, tafuta mwingine.

Nitafanyia wapi? Na kusafiri je?

Hapa kwetu madokta wa plastiki ni wachache sana, wengi wanaenda Kigali, Kampala, Nairobi, wengine mpaka Istanbul ao India. Usichague na foto za Instagram. Uliza: wewe ni dokta wa upasuaji wa plastiki, ulisomea wapi, na oda (baraza) ya madokta ya nchi yako inakujua? Uso umefanya ngapi kwa mafuta, si kwa jeli? Nionyeshe foto za watu weusi kisha miezi 6, si kisha siku 6. Bloku iko na oksijeni na mutu wa anestezi mwenye anabaki pale mpaka niamke? Umeme ukikatika? Nikipata shida nikiwa Bukavu, nani atajibu telefone? Yule wetu alijibu, saa tano ya usiku, na ile njo ilinifanya nimuheshimu. Wa kwanza mwenye tulimuona mbele yake alikasirika na maswali, tukachukua sakoshi tukatoka.

Kutoka Kamembe, ng'ambo ya mupaka ku Rwanda, mpaka Kigali ni saa 5 ao 6 ya basi, na ile kona za musitu wa Nyungwe zinatapisha hata mutu muzima. Usirudi siku ya pili. Sisi tulikaa siku kumi, nyuzi zikatoka, akaonekana mara ya mwisho, tukarudi. Ndani ya basi kunywa maji, simama kila linaposimama, tembea, zungusha miguu ju damu isigande. Chukua karatasi yenye imeandikwa walifanya nini na dawa gani walitoa, ju ku mupaka uso hautafanana na foto ya pasipoti.

Bei ni ngapi?

Omba bei ya jumla kwa maandishi: dokta, bloku, anestezi, vipimo vya damu, gaini, dawa, kuonekana tena. Kisha ongeza nyumba, chakula, njia, watu wawili ju peke yako huwezi. Na weka pembeni pesa ya mara ya pili, ju watu wengi wanarudia, na uulize mbele kama mara ya pili inalipwa nzima ao nusu. Ukiona ile jumla itakulazimisha kukopa kwa likelemba (pesa ya kuchangiana kwa zamu) ya wengine, ngoja mwaka.

Kazi, nywele, jua, sala?

Kazi ya ofisi, wiki moja na nusu ao mbili. Kazi ya kubeba, mwezi. Kusuka nywele za kuvuta, ngoja wiki 4, ile kuvuta panja inauma na inasukuma. Jua, kofia ao mwavuli mpaka weusi uishe. Kuimba kwaya, yaya aliimba wiki ya tatu, mudomo ulikuwa bado muzito ku noti za juu.

Yaya wako aliridhika? Angerudia?

Alirudia. Mwezi wa 6 tuliweka foto pembeni ya foto, shavu la kulia lilikuwa limeshika muzuri, la kushoto nusu. Mwezi wa 8 dokta akaongeza mililita 3 upande wa kushoto tu, na ile mara hakuvimba hata robo. Sasa imetulia. Anafanana na yeye wa miaka kumi iliyopita, na wengi wanasema tu amelala muzuri. Ile foto ya siku ya tatu, jicho limefungwa, bado anaiweka mule telefone, na mutu akija kumuuliza, anaifungua kwanza, anamupa telefone ashike mwenyewe, kisha wanaanza kuongea.